Tabia, Makini na Tezi ya Shingo: Hukumu Isitangulie Kipimo

Lugha ya Kiswahili haikosi maneno ya kumhukumu mtu. Asahauye huitwa bozi. Acheleweshaye kazi huitwa mvivu au goigoi. Akasirikaye upesi husemwa kuwa ana roho ndogo, na asiyeweza kukaa kitako kwa nusu saa akamaliza jambo moja huitwa kichwa maji. Hukumu hizi hutolewa kazini, barazani na nyumbani, na kwa kawaida hutolewa pasipo rufani. Mfanyakazi huonywa kwa barua, mke hurudishwa kwao, dereva hunyang'anywa gari, na mzee wa ukoo hufikishwa kwa mganga ili atolewe pepo.

Hata hivyo elimu ya mwili wa binadamu inafundisha kwamba sehemu ya yale yaitwayo tabia hutegemea tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, ambayo kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Tezi hiyo ikizembea, mtu mwenye bidii huwa goigoi. Ikizidi kufanya kazi, mtu mpole huwa mkali. Hoja ya makala haya ni moja: mtu mzima ambaye tabia yake na makini yake vimebadilika asihukumiwe kabla hajapimwa. Tena hoja hiyo inawahusu watu wa Chalinze na pwani ya Bagamoyo kwa namna ya pekee, kwa sababu kinga ya tezi hiyo ni chumvi, na chumvi huvunwa kwao.

Homoni ni nini?

Mwaka 1902 wataalamu wawili wa London, Bayliss na Starling, walionyesha kwamba kiungo kimoja cha mwili kinaweza kukiamrisha kingine kwa kemikali inayosafiri katika damu, bila msaada wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1905 Starling alizipa kemikali za namna hiyo jina la homoni. Katika Kiswahili huitwa pia vichocheo, na jina hilo linafaa sana, kwa kuwa kazi yake ni kuchochea.

Tezi ya shingo, iitwayo na wataalamu thairoidi, hutengeneza homoni ya thairoksini. Kila molekyuli ya thairoksini hubeba atomu 4 za iodini. Ikifika kwenye viungo, atomu moja huondolewa, na homoni iliyobaki na atomu 3 ndiyo yenye nguvu zaidi. Homoni hiyo huingia ndani ya seli na kuamua kasi ya kazi zake: kasi ya kuchoma chakula, ya kutoa joto, ya mapigo ya moyo, na ya ubongo kupokea habari na kuzijibu. Katika Tanzania iodini hujulikana zaidi kwa jina la madini joto, na jina hilo nalo halikukosea, maana anayeyapungukiwa sana huishia kusikia baridi hata wakati wenzake wanatoka jasho.

Tezi ya shingo haijiamulii yenyewe. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, ambayo hufanya kazi kama mpishi anayetazama moto wake. Thairoksini ikipungua katika damu, pituitari hutoa homoni iitwayo TSH ili kuihimiza tezi ya shingo. Thairoksini ikizidi, pituitari hunyamaza. Ndiyo maana daktari akipima TSH katika matone machache ya damu huweza kujua kama moto umefifia au umepita kiasi. Iodini ikikosekana kwa muda mrefu, pituitari huendelea kuhimiza bila kupata kitu, na tezi huvimba kwa kujitahidi. Uvimbe huo ndio rovu.

Uvivu usio uvivu

Thairoksini inapopungua kwa mtu mzima, dalili huja polepole, kwa miezi na hata miaka. Mtu huchoka bila kufanya kazi, hunenepa kidogo, ngozi hukauka, choo huwa kigumu na sauti huwa nzito. Pamoja na hayo fikra huwa nzito pia: husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuushika, husahau alichotumwa, hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, na moyo wake hujaa huzuni isiyo na sababu. Kwa kuwa mabadiliko haya hayana homa wala maumivu makali, hata mgonjwa mwenyewe huamini kwamba amekuwa mvivu.

Thairoksini inapozidi, mambo hugeuka. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda ingawa mtu anakula vizuri, usingizi hutoweka. Mtu huyo huanza mambo kumi asimalize hata moja. Hukasirishwa na neno dogo, hulia na kucheka kwa ghafla, na hawezi kusikiliza mazungumzo mpaka mwisho. Maradhi ya tezi hii, ya kupungua na ya kuzidi, huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na mojawapo ya nyakati zake ni mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Ni mama wangapi wachanga walioitwa wakorofi au wazembe katika mwaka huo, ambao walistahili kupelekwa hospitali?

Jambo hili si geni katika historia ya tiba. Mwaka 1888 chama cha madaktari wa London kilitoa taarifa ndefu juu ya wagonjwa waliopungukiwa na homoni hii, na ndani yake ilionyeshwa jinsi akili zao zilivyoathirika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle alimtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1949 daktari Richard Asher wa London alieleza habari za wagonjwa 14 walioonekana kuwa na wazimu, kumbe tezi zao zilikuwa zimelala. Wengi wao walipopewa dawa ya tezi walirudiwa na akili zao. Hawakuhitaji minyororo wala mawaidha. Walihitaji kemikali ambayo miili yao haikuweza kuitengeneza.

Makini ya utotoni na makini iliyopotea ukubwani

Yapo pia maradhi ya kukosa makini na utulivu ambayo siku hizi yanazungumzwa sana. Ni lazima mwalimu na mwanafunzi wayatofautishe na maradhi ya tezi, kwa maana dalili zake hufanana kwa nje. Maradhi hayo ya makini huanza utotoni. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi hutaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na kwa watu wengi huendelea hadi utu uzima. Mtu wa namna hiyo akiulizwa, yeye na wazazi wake watasema kwamba ndivyo alivyokuwa tangu darasa la kwanza.

Lakini mtu aliyekuwa makini kwa miaka 35, kisha makini hiyo ikamtoka, ana habari nyingine. Huyo hakuzaliwa hivyo. Kipo kitu kilichobadilika katika mwili wake au katika maisha yake. Yaweza kuwa tezi. Yaweza kuwa upungufu wa damu. Yaweza kuwa kukosa usingizi, huzuni ya msiba, pombe, au mabadiliko ya homoni za kike wakati hedhi inapokaribia kukoma. Swali la kwanza la kuuliza, kwa hiyo, halihusu ubaya wa tabia yake. Swali ni hili: tangu lini?

Uhusiano wa homoni ya tezi na makini umechunguzwa kwa njia ya kuvutia. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha habari za koo 18 zenye hitilafu ya kurithi inayozifanya seli zisiitii vizuri homoni ya tezi. Nusu ya watu wazima wenye hitilafu hiyo walikuwa na historia ya maradhi ya kukosa makini na utulivu, ilhali kati ya ndugu zao wasio na hitilafu hiyo walikuwa 7 tu katika kila 100. Hata hivyo hitilafu hiyo ni ya nadra mno, na watu wengi wenye maradhi ya makini wana tezi nzima. Somo lake ni hili: homoni inaweza kugusa makini, lakini si kila aliyekosa makini ana ugonjwa wa homoni. Kupima ndiko kunakotofautisha.

Chumvi inayopita njia panda

Chalinze ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo: moja huelekea Morogoro na kuendelea hadi nyanda za juu za kusini, na nyingine hushika njia ya Segera kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Upande wa mashariki wa eneo hilohilo ipo pwani ya Saadani, na kusini yake Bagamoyo, ambako maji ya bahari huingizwa katika majaruba, hukaushwa na jua, na kuacha chumvi. Chumvi ya pwani husafiri bara, na mtu wa bara huipokea akiamini kwamba, kwa kuwa imetoka baharini, ina kila kilicho chema.

Imani hiyo ni kosa. Maji ya bahari yana iodini kidogo sana, na hata hiyo kidogo sehemu kubwa haibaki katika chumvi inapokaushwa. Chumvi ya bahari isiyoongezwa madini joto haiwezi kumkinga mtu. Kosa la pili ni kudhani kwamba mtu wa pwani amesalimika kwa sababu anakula samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu visiwa vya Zanzibar uliivunja dhana hiyo: kisiwani Pemba, kilichozungukwa na bahari pande zote, watoto 32 katika kila 100 waliochunguzwa walikuwa na rovu, na ni nyumba 1 tu katika kila 100 iliyokuwa na chumvi yenye madini joto. Wenyeji hawakujua kwamba wana upungufu. Tena mtu wa pwani hula muhogo, na muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri huacha mwilini kemikali ya thiosayaneti, ambayo huizuia tezi isifyonze iodini.

Kwa upande wa taifa, kazi iliyofanyika inastahili sifa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilisimamia uchunguzi wa rovu. Katika miaka ya 1980 wananchi wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini. Na katika miaka ya mwanzo ya 1990 chumvi ilianza kuongezwa madini joto na kanuni za kulazimisha jambo hilo zikawekwa. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba rovu kwa wanafunzi wa shule za msingi, ambalo katika miaka ya 1980 lilikuwa asilimia 25, lilishuka hadi asilimia 7, na kwamba nyumba karibu 84 katika kila 100 zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini joto.

Lakini wastani wa taifa huweza kuficha kijiji. Anayetengeneza chumvi kwa wingi ana mashine. Mwenye majaruba mawili au matatu hana. Chumvi yake huuzwa kwa debe au kwa kipimo, pengine usiku, pengine bila mfuko wenye maandishi. Hapo ndipo mnyororo hukatika, na hakuna anayeona umekatika, kwa sababu chumvi yenye madini joto na isiyokuwa nayo hufanana kwa rangi na kwa ladha. Hasara yake huonekana baadaye na mbali: kwa mama mjamzito ambaye mtoto wake atazaliwa na ubongo uliodumaa, na kwa mtu mzima ambaye ataitwa goigoi.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo hata kushangaza. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Mwanafunzi akizidisha 150 kwa siku 365 na kwa miaka 60, atapata gramu 3.3 hivi. Basi iodini yote ya maisha ya mtu mmoja haijazi kijiko cha chai. Ni aibu kumwacha mtu apoteze makini yake kwa kukosa kitu kidogo namna hiyo.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba mafundisho haya yatawapa wavivu kisingizio, kila mtu atasema ni homoni zake. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kipimo chenyewe. Kisingizio hakionekani katika damu, ila ugonjwa wa tezi huonekana. Aliyepimwa akakutwa mzima ataulizwa juu ya mwenendo wake, na haki itakuwa imetendeka. Tena hata aliyekutwa mgonjwa habaki bila wajibu: anapaswa kutumia dawa yake kila siku na kutengeneza alichokiharibu. Homoni huelekeza hisia; haziondoi dhamiri.

Wengine watasema kipimo ni ghali na hakipatikani katika kila zahanati. Ni kweli kwamba zahanati ya kijiji haiwezi kupima TSH. Lakini Chalinze iko kilomita 100 na ushei tu kutoka Dar es Salaam, na sampuli ya damu husafiri kwa urahisi kuliko mgonjwa. Dawa ya kurudisha thairoksini ni kidonge kimoja kwa siku, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Gharama hiyo ilinganishwe na gharama ya dereva wa lori ambaye makini yake imemtoka usiku katika barabara ya Chalinze, au ya fundi aliyefukuzwa kazi na kuiacha nyumba yake bila mlezi.

Hoja ya tatu ni ya hadhari, na yafaa ipokewe yote. Madini joto yakizidi nayo hudhuru. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoingizwa kwa haraka Zimbabwe na Kivu, mashariki ya Kongo, baadhi ya watu wazima waliokuwa na rovu la siku nyingi walipatwa na ugonjwa wa tezi kuzidisha homoni. Kwa hiyo kipimo kinahitajika kwa chumvi kama kinavyohitajika kwa damu: isipungue, isizidi. Wala mtu asijitibu kwa kununua iodini. Ile ya kupaka vidonda ni sumu ikinywewa.

Hata takwimu zenyewe zahitaji hadhari. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipewa vidonge vya iodini walisoma zaidi ya wenzao kwa theluthi moja hadi nusu ya mwaka, hasa wasichana. Wengine walipozirudia hesabu hizo baadaye, walitilia shaka uimara wake. Mjadala huo hauondoi ukweli kwamba ubongo wa mtoto huhitaji iodini. Unafundisha tu kwamba katika sayansi hata habari njema hupimwa mara ya pili.

Wajibu wa shule

Shule za sekondari zina nafasi kubwa katika jambo hili. Katika maabara ya kemia, chumvi ya dukani inaweza kuchunguzwa kwa vitu vichache. Madini yanayoongezwa katika chumvi ni potasiamu ayodeti. Wanga uliochemshwa ukichanganywa na potasiamu ayodidi kidogo na asidi hafifu, kisha mchanganyiko huo ukadondoshewa juu ya chumvi, ayodeti na ayodidi hujibizana na kutoa iodini huru, na iodini huru huugeuza wanga kuwa wa buluu. Chumvi isiyo na madini joto hubaki nyeupe. Kazi hiyo ifanywe mbele ya mwalimu, na kila mara sampuli mbili zilinganishwe papo hapo, moja inayojulikana kuwa na madini joto na nyingine inayojulikana kuwa haina, ili mwanafunzi asidanganywe na macho yake.

Wanafunzi wa Lugoba, Msata, Kiwangwa na Miono wakileta shuleni kila mmoja kijiko cha chumvi ya kwao, darasa moja litapata kwa saa moja picha ambayo haipatikani kwa hotuba. Watajua ni sokoni kwa nani chumvi ni tupu, na watawafundisha wazazi kuifunika, kutoiweka juani wala penye unyevu, na kuitia chakula kinapokaribia kuiva. Matokeo hayo yakifikishwa kwa maofisa wa afya na kwa wenye majaruba wadogo, pasiwe na nia ya kuwaaibisha. Bomba la mgongoni, kama lile la kunyunyizia dawa shambani, hutosha kumwezesha mtengenezaji mdogo kunyunyiza madini joto katika chumvi yake, akionyeshwa kiasi na akipatiwa ayodeti.

Somo la pili la shule ni la lugha. Mwalimu anayefundisha homoni katika biolojia asiishie kwenye mchoro wa tezi. Awaonyeshe vijana kwamba maneno bozi, goigoi na kichwa maji ni hukumu zinazotolewa mbele ya ushahidi, na kwamba mtu wa sayansi huuliza kwanza: tangu lini, na pamoja na dalili gani? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo atakuwa siku moja mkuu wa ofisi, hakimu, muuguzi, mume au mke. Atakapomwona mwenzake aliyekuwa hodari ameanza kusahau na kusinzia, au aliyekuwa mpole amekuwa moto, hatamwandikia barua ya onyo kabla ya kumwandikia barua ya hospitali.